Historia ya Uchunguzi wa Madhara ya Mawimbi ya Simu za Mkononi

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake katika mambo ya watu, kwa kuwa fununu nyingi huanza kama moshi na mwisho moto ukaonekana. Lakini katika elimu ya maradhi methali hiyo haitoshi, maana mgonjwa hutafuta sababu ya ugonjwa wake kwa haraka kuliko tabibu, na sababu iliyo karibu na macho si lazima iwe ndiyo sababu ya kweli. Miongoni mwa mambo yaliyosemwa sana tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 ni hili, kwamba mawimbi yatokayo katika simu ya mkononi huleta uvimbe katika ubongo. Neno hilo lilienea kwa siku chache. Uchunguzi wake umechukua zaidi ya miaka 30. Historia ya uchunguzi huo yafaa kuelezwa, si kwa ajili ya jibu lake peke yake, bali kwa kuwa yaonyesha ugumu wa kumpata shahidi wa kuaminika juu ya jambo ambalo watu hulitenda kila siku na hakuna aliandikaye.

Ili habari hii ifahamike, hapana budi kupambanua kwanza aina mbili za mionzi. Mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alivumbua mionzi ya eksirei. Mionzi hiyo ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomi, na kwa hiyo yaweza kuharibu chembe za urithi zilizomo mwilini. Wengi walioitumia mwanzoni bila kinga walipatwa na madonda na saratani za mikono. Mawimbi ya redio, ambayo Heinrich Hertz aliyadhihirisha kwa majaribio yake kati ya mwaka wa 1886 na 1888, ni ndugu wa mionzi hiyo kwa asili, kama mwanga nao ulivyo ndugu yake, lakini nguvu yake ni haba mno hata hayawezi kung'oa elektroni. Simu ya mkononi hutumia mawimbi ya aina hii ya pili. Athari yake iliyothibitishwa ni kutia joto mwilini, na joto hilo kwa simu iliyowekwa sikioni ni dogo sana. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine nyingi, neno moja la mionzi hutumika kwa aina zote mbili, na ushirika huo wa jina umeitia nguvu hofu ya watu.

Swali la madhara ya mawimbi ni la zamani kuliko simu yenyewe. Lilianza na rada, chombo kilichotumiwa sana katika Vita Kuu ya Pili kutambua ndege na meli za adui. Vita vilipokwisha, watumishi waliofanya kazi karibu na mitambo hiyo waliuliza kama miili yao ilikuwa salama. Mwaka wa 1953 Herman Schwan, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipendekeza kikomo cha miliwati 10 kwa kila sentimita ya mraba, akikadiria joto ambalo mwili waweza kulihimili. Kipimo hicho kikawa kanuni ya Marekani mwaka wa 1966. Urusi ya Kisovieti ilifuata njia nyingine. Madaktari wake waliowaangalia wafanyakazi wa mitambo ya mawimbi walieleza habari za maumivu ya kichwa, uchovu na kukosa usingizi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali yao ikaweka kikomo kilichokuwa kidogo mara 1,000 kuliko kile cha Marekani. Hivyo dunia ikawa na kanuni mbili juu ya jambo moja: moja ilihesabu joto tu, na ya pili ilihesabu pia malalamiko ya wafanyakazi. Simu ilipovumbuliwa iliurithi mzozo huo.

Moscow ndiko mzozo huo ulikotoka vitabuni ukaingia katika maisha ya watu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, mawimbi yalielekezwa kwenye jengo la ubalozi wa Marekani katika mji huo. Serikali ya Marekani ilijua, lakini watumishi wengi wa ubalozi hawakuambiwa mpaka mwaka wa 1976, na walipoambiwa waliingiwa na hofu na hasira. Uchunguzi ulikabidhiwa Abraham Lilienfeld wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Aliwalinganisha watumishi zaidi ya 1,800 waliokaa Moscow na wenzao waliokaa katika balozi nyingine za Ulaya ya Mashariki, na mwaka wa 1978 akatoa taarifa kwamba hakuona ushahidi wa kutosha wa kuwa mawimbi yaliwadhuru. Lakini waliofichwa jambo kwa muda mrefu hawatulizwi na hesabu iliyokuja baadaye. Katika miaka iliyofuata, kila taarifa ya kukanusha madhara ilikutana na maswali mawili: ni nani asemaye, na ni nani amlipaye.

Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alizungumza kwa simu ya mkononi akiwa barabarani New York, na mwaka wa 1983 simu ya namna hiyo ikapata kibali cha kuuzwa Marekani. Rada ilikuwa mbali na umma. Simu hii iligusa sikio, na antena yake ilikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye ubongo. Mwezi wa Januari 1993 mtu mmoja wa jimbo la Florida, aliyefiwa na mkewe kwa uvimbe wa ubongo, alitokea katika televisheni akasema kwamba uvimbe ule ulikaa mahali pale pale marehemu alipozoea kuiwekea simu yake. Thamani ya hisa za makampuni ya simu ilianguka mara. Mahakama iliyakataa madai yake mwaka wa 1995, kwa kuwa ushahidi wa kitaalamu ulioletwa haukutosha. Hata hivyo mfiwa huyo hakustahili dhihaka. Alikuwa na msiba, na simu, na upande mmoja wa kichwa. Kitu asichokuwa nacho ni hesabu ya watu wangapi wasiotumia simu walipatwa na uvimbe kama ule, na wangapi walitumia simu wasipatwe. Na hesabu hiyo haikuwapo mahali popote duniani.

Makampuni yaliahidi fedha za kuitafuta. Uliundwa mpango wa uchunguzi chini ya George Carlo, kwa gharama ya dola milioni 25 hivi zilizotoka kwa wenye viwanda, nao ukaisha mwaka wa 1999 kwa ugomvi: Carlo alisema kuwa ameona dalili za hatari, na waliomlipa wakasema kuwa dalili zake hazitoshi. Wakati huo huo serikali ziliweka kanuni. Mwaka wa 1996 Marekani iliamuru kuwa simu isiingize mwilini zaidi ya wati 1.6 kwa kila kilo, kipimo kikichukuliwa katika gramu moja ya mwili; mwaka wa 1998 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ikapendekeza wati 2 kwa kila kilo ya kichwa, kipimo kikichukuliwa katika gramu 10. Mwaka wa 1996 pia Shirika la Afya Duniani lilianzisha mradi wake wa kuchunguza mawimbi hayo.

Katika maabara mambo hayakuwa na msimamo mmoja. Mwaka wa 1995 Henry Lai na Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington walitangaza kwamba nyuzi za urithi katika ubongo wa panya waliowekwa katika mawimbi zilikuwa zimekatika. Wengine waliojaribu baada yao hawakuona hivyo. Mwaka wa 1997 Michael Repacholi na wenzake wa Australia walieleza kuwa panya waliotengenezwa kwa namna ya kupata saratani upesi waliugua zaidi walipowekewa mawimbi kama ya simu. Mwaka wa 2002 jaribio kama hilo lilirudiwa huko huko Australia na tofauti haikuonekana. Jambo la namna hii ndilo lililowachosha watu wa kawaida. Magazeti yalichapa jaribio la kwanza kwa herufi kubwa na la pili kwa herufi ndogo, au hayakulichapa kabisa. Lakini kwa wenye elimu hiyo, tokeo lisilorudiwa ni fununu iliyovaa kanzu ya maabara, na halina budi kungoja.

Uingereza ilichagua njia ya tahadhari. Kamati iliyoongozwa na Sir William Stewart ilitoa taarifa mwaka wa 2000, ikasema kuwa ushahidi uliokuwapo haukuonyesha madhara kwa afya ya watu wote kwa jumla, ila haikuwezekana kusema kwa yakini kamili kuwa hayapo. Kwa hiyo ilishauri watoto wazuiwe kutumia simu kwa mazungumzo yasiyo ya lazima, kwa kuwa ubongo wao ungali unakua na miaka yao ya kutumia simu itakuwa mingi. Wapo waliouona ushauri huo kuwa ni busara, na wapo waliosema kuwa humtia hofu mzazi bila kumpa sababu. Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja, kwamba majaribio ya panya peke yake hayawezi kuamua, na kwamba lazima waulizwe binadamu wenyewe.

Mwaka huo wa 2000 ndipo ulipoanza uchunguzi mkubwa ulioitwa Interphone, uliounganisha nchi 13 na kuongozwa na Elisabeth Cardis kutoka Lyon, Ufaransa. Wagonjwa wa uvimbe wa ubongo 5,117 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 59 waliulizwa walianza lini kutumia simu, kwa dakika ngapi kila siku, na kwa sikio lipi. Kisha watu wazima wa afya wakaulizwa maswali yale yale. Kazi ya kuuliza ilikwisha katikati ya muongo huo, lakini matokeo makuu hayakutoka mpaka mwaka wa 2010, kwa kuwa wachunguzi hawakupatana juu ya maana yake. Nao walikuwa na haki ya kutopatana. Kwa jumla waliotumia simu walionekana kupatwa na uvimbe kidogo kuliko wasiotumia, kana kwamba simu ni kinga. Lakini katika fungu moja la kumi la waliozungumza zaidi, yaani saa 1,640 na zaidi katika maisha yao, hatari ya uvimbe wa aina ya glioma ilionekana kuzidi kwa 40 kwa mia.

Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja bila maelezo, na maelezo yalikuwa katika shahidi aliyeitwa. Shahidi huyo ni kumbukumbu ya binadamu. Baadhi ya wagonjwa walitaja saa nyingi za mazungumzo kwa siku kuliko iwezekanavyo. Majibu ya watu yalipolinganishwa na madaftari ya makampuni ya simu, ilidhihirika kuwa waliotumia kidogo hupunguza na waliotumia sana huzidisha, na kuwa wagonjwa huzidisha habari za miaka ya nyuma. Mtu aliyeambiwa kuwa ana uvimbe kichwani amekwisha kukaa usiku mwingi akitafuta chanzo chake. Hasemi uongo, amekumbuka kwa nguvu kuliko jirani yake mzima. Kwa upande wa pili, miongoni mwa watu wazima wa afya wale wasio na simu walikataa zaidi kuhojiwa, na kwa sababu hiyo simu ikaonekana kana kwamba yakinga. Lennart Hardell wa Sweden, aliyepata hatari kubwa zaidi katika uchunguzi wake mwenyewe, naye aliitegemea kumbukumbu, na hoja hiyo hiyo ikaletwa dhidi yake.

Denmark ilijaribu shahidi wa namna nyingine. Nchi hiyo ina daftari la saratani la taifa zima tangu mwaka wa 1942, na tangu mwaka wa 1968 kila mkazi ana namba yake. Wachunguzi walichukua majina ya watu 420,095 waliojiandikisha kwa makampuni ya simu kati ya mwaka wa 1982 na 1995, wakayaoanisha na daftari la saratani bila ya kumwuliza mtu neno lolote. Mwaka wa 2001, na tena mwaka wa 2006 na wa 2011, walitangaza kuwa waliojiandikisha hawakupatwa na uvimbe wa ubongo kuliko wengine. Daftari halina hofu wala huzuni, lakini lina upofu wake. Simu zaidi ya 200,000 zilizoandikwa kwa majina ya makampuni ziliachwa nje, kwa kuwa hazikuonyesha mtumiaji, na huenda ndizo zilizotumika zaidi. Tena kila aliyenunua simu baada ya mwaka wa 1995 alihesabiwa kuwa hana simu. Daftari lilijua nani alinunua. Halikujua nani alizungumza.

Mashahidi hao wenye kasoro ndio waliokuwa mbele ya wataalamu 31 kutoka nchi 14 walipokutana Lyon mwezi wa Mei 2011, katika kituo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani. Waliyaweka mawimbi ya redio katika daraja la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Habari hiyo ilipokewa kana kwamba hukumu imetolewa. Kumbe daraja hilo hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Kahawa iliwahi kuwekwa humo mwaka wa 1991 kwa ajili ya saratani ya kibofu, ikatolewa mwaka wa 2016 ushahidi ulipozidi kukusanywa. Kusema kuwa jambo huenda likawa ni kukiri kuwa mlango haujafungwa. Si kusema kuwa mtu ameingia.

Serikali ya Marekani nayo ilirudi kwa wanyama, kwa uchunguzi uliogharimu dola milioni 30 hivi. Panya waliwekwa katika mawimbi tangu tumboni mwa mama zao, muda wa saa 9 kwa siku, kwa miaka 2. Taarifa ya mwisho ya mwaka wa 2018 ilisema kuwa upo ushahidi wazi wa uvimbe katika moyo wa panya madume, na ushahidi kiasi wa uvimbe wa ubongo wao. Kwa majike haikuwa hivyo. Mawimbi hayo yaliingia mwili mzima na kwa nguvu kubwa kuliko ya simu, na ajabu nyingine ni kuwa madume waliowekewa mawimbi waliishi zaidi kuliko wenzao. Mwaka ule ule taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, ilieleza kuwa imeona uvimbe wa moyo wa aina hiyo hiyo kwa panya madume. Tokeo lililoonekana mahali pawili haliwezi kupuuzwa, na mwaka wa 2019 washauri wa kituo cha Lyon walitaka swali lote litazamwe upya.

Wakati huo, hata hivyo, shahidi mkubwa kuliko wote alikuwa amekwisha kuanza kusema, naye ni wakati. Ikiwa simu huleta uvimbe wa ubongo kwa kiasi kilichoogopwa, basi baada ya watu karibu wote kuwa nazo ugonjwa huo ungalizidi katika madaftari ya mataifa. Madaftari ya Denmark, Finland, Norway na Sweden hayakuonyesha ongezeko la namna hiyo. Uingereza, wanawake 776,156 walioulizwa kabla ya kuugua walifuatwa kwa miaka 14 kwa wastani, na mwaka wa 2022 ikatangazwa kuwa waliotumia simu kila siku hawakuwapita wasiotumia kwa uvimbe wa ubongo. Mwaka wa 2024 uchunguzi wa COSMOS, uliofuata watu zaidi ya 250,000 wa Ulaya na kutumia habari za makampuni kusahihisha kumbukumbu zao, ulifikia neno hilo hilo. Mwaka huo pia mapitio ya chunguzi 63 za binadamu, yaliyotakiwa na Shirika la Afya Duniani, yalikata shauri kuwa simu yaelekea haizidishi uvimbe wa ubongo, hata kwa walioitumia miaka 10 na zaidi. Mapitio ya chunguzi za wanyama yaliyotolewa mwaka wa 2025 yalisisitiza ule ushahidi wa panya madume, na kwa hiyo mjadala haukufungwa kabisa. Lakini mizani imelala upande mmoja, na kama hatari iko, ni ndogo mno hata mamia ya maelfu ya watu hawakutosha kuidhihirisha.

Lipo tukio moja katika historia hii lisilopewa nafasi yake. Mwaka wa 1997, hofu ya mawimbi ilipokuwa imepamba moto, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani wa Toronto, Kanada, walichukua hesabu za simu za madereva 699 waliogonga magari, wakatazama kila mmoja alikuwa akifanya nini dakika chache kabla ya ajali. Waliona kuwa hatari ya kugonga wakati wa kuzungumza na simu ilizidi karibu mara 4. Hapakuwa na haja ya kuikumbusha kumbukumbu wala kuwalea panya. Kampuni ilikuwa imeandika dakika ya kila mazungumzo, na polisi wameandika ya ajali. Madhara hayo yalijulikana kwa uchunguzi mmoja. Hata hivyo watu wengi walioliogopa wimbi lisiloonekana waliendelea kushika simu mkono mmoja na usukani mkono wa pili.

Afrika ya Mashariki inahusika na habari hii kwa njia iliyo wazi. Katika nchi 13 za Interphone hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika, wala katika zile za COSMOS. Simu iliingia katika nchi hizi katika miaka ya 1990, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka wa 2007 imekuwa mkoba wa fedha pia. Mtu haiachi nyumbani kama asivyoacha mkoba. Mwili wa binadamu ni mmoja, na yaliyoonekana Ulaya yana maana hapa pia. Lakini si kila swali la kesho litakuwa limekwisha kuulizwa Ulaya. Nchi hizi si ngeni katika kazi ya kuandika maradhi: daftari la saratani la Kampala lilianzishwa mwaka wa 1951, miaka 9 tu baada ya lile la Denmark. Tofauti ni kuwa la Denmark lilienea taifa zima na kuunganishwa na namba ya kila mkazi, na la Kampala lilibaki na mji na viunga vyake. Wafanya biashara wa pwani husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mfiwa wa Florida aliuliza swali lake mwaka wa 1993 asipate wa kumjibu, kwa sababu hapana aliyekuwa ameandika. Atakayeuliza swali kama hilo katika nchi hizi, juu ya simu au juu ya chombo kingine kitakachokuja, atajibiwa kwa kadiri ya madaftari yanayoandikwa sasa.